Mstari wa swali la saba hadi la kumi na mbili: tunamuaga Irmtraud Zechner

Jumatatu tarehe 30 Septemba 2024, saa sita mchana, Irmtraud Zechner atafunga droo ya meza yake ya kuchorea kwenye ghorofa ya tatu na kukabidhi ufunguo. Atakuwa ametimiza miaka thelathini na minane na karibu miezi saba katika kitengo chetu cha upimaji. Aliingia tarehe 3 Machi 1986 akiwa na umri wa miaka ishirini na minne, na katika muda wote huo alichelewa kazini mara mbili: siku tramu ilipoacha reli pale kwenye uwanja wa Jakominiplatz, na siku binti yake alipozaliwa wiki tatu kabla ya wakati. Hiyo ya pili alipiga simu kutoka hospitali kuomba radhi.

Wenzetu wa ghorofa za chini wametuuliza kwa miaka mingi tunafanya nini huko juu. Jibu ni rahisi kuliko sura zetu. Tunachukua maswali ya mtihani, tuseme kumi na sita ya hesabu, na kila swali tunalipa duara. Kisha tunauliza: mtoto aliyeshindwa swali hili, je, ni hakika atashindwa na lile? Jibu likiwa ndiyo, la kwanza linakaa chini, la pili juu, na mstari unaunganisha. Ukimaliza una ramani ya maswali. Faida yake ni kwamba humchoshi mtoto kwa maswali yote. Unaanza katikati, na kila jibu linakuambia mengi kuhusu maswali ambayo hukuyauliza. Hatari yake nayo iko hapohapo. Mstari mmoja ukikosewa, mtoto anahukumiwa kwa swali ambalo hakuna aliyemuuliza.

Irmtraud alikuja kutoka ofisi ya barabara ya jimbo, alikokuwa akichora ramani za njia za milimani. Marehemu Profesa Strempfl, mwanzilishi wa kitengo, alimkabidhi siku ya kwanza orodha ya jozi za maswali zaidi ya mia tatu na kumwambia achore. Kesho yake alimkuta na meza iliyojaa vumbi la kifutio.

"Nimefuta mistari mia mbili na arobaini, Bwana Profesa," alisema.

"Umefuta?"

"Ilikuwa ya bure. Kama kuna barabara ya kutoka Graz hadi Bruck, na nyingine ya Bruck hadi Leoben, hatuchori ya tatu ya Graz hadi Leoben kwa sababu tu mtu anaweza kufika. Atafika kwa zile mbili."

Baadaye Profesa alitueleza kwamba alikuwa ametenga mihadhara miwili mizima ili kumfafanulia jambo hilo, na siku hiyo akaenda kunywa kahawa badala yake.

Mimi nilifika mwaka 1991, mwezi uleule na mashine ya kuchorea, na kwa muda mrefu watu hawakuweza kuamua ni yupi kati yetu aliyekuwa na kelele zaidi. Wengi walidhani mashine ingemfukuza Irmtraud. Yeye alivuta kiti, akaketi mbele yake wiki nzima, akaitazama ikichora mistari inayopitana kama uzi uliochezewa na paka. Ijumaa alinipa karatasi mbili zenye kanuni zake: duara lipi likae safu ipi, lipi lisogezwe kushoto ili mistari isikatane. Niligeuza kanuni hizo kuwa programu. Zimo ndani ya kompyuta zetu mpaka leo, na kwa kuwa jina langu ndilo lililoandikwa juu ya programu hiyo, naona ni haki niseme hapa ni za nani.

Lakini kama ningetakiwa kueleza kazi yake kwa tukio moja tu, ningesimulia la Januari 1994. Nalisimulia kwa idhini yake, ingawa aliniomba nifupishe. Sitafupisha.

Majira ya mapukutiko ya 1993, ofisi ya elimu ilitukabidhi jukumu letu kubwa la kwanza. Watoto mia nne na kumi na wawili wa darasa la nne, kutoka shule mbalimbali za jimbo letu la Styria, walifanya mtihani wetu wa hesabu kwenye karatasi. Kila mmoja alikuwa aandikiwe ripoti. Ripoti hizo zilitakiwa zifike mezani kwa walimu wakuu kabla ya mwezi wa Februari, pale wazazi wanapoamua mtoto wa miaka kumi aende shule ipi: ile ya miaka minane inayoelekea chuo kikuu, au ile nyingine. Kila mtu hapa kwetu anajua uzito wa mwezi huo. Kuna familia ambazo hazisemezani mpaka Pasaka.

Ramani niliiandaa mimi. Niliwahoji walimu sita wazoefu, jozi baada ya jozi. Swali la saba lilikuwa kugawanya 1,944 kwa 24 kwa njia ndefu. Swali la kumi na mbili lilikuwa la uwiano: madonge ya unga yenye tunda la aprikoti ndani, ya watu wanne, yanahitaji gramu mia tatu za jibini laini, je, ya watu kumi yanahitaji gramu ngapi? Niliwauliza walimu: anayeshindwa la saba, atashindwa la kumi na mbili? Wote sita walijibu bila kusita kwamba atashindwa. Nikauweka mstari, na juu ya la kumi na mbili yakapangwa maswali mengine manne.

Baadhi ya karatasi hazikukubaliana na ramani. Watoto thelathini na mmoja walikosa la saba na kupata la kumi na mbili. Programu yangu ilikuwa na jawabu la hilo: iliandika kwamba wamebahatisha, ikayafuta majibu yao ya juu, na ripoti zao zikatoka na maneno "hajawa tayari". Nilijivunia sana sehemu hiyo ya programu.

Irmtraud ndiye aliyekuwa akipanga karatasi kwenye majalada, shule kwa shule. Asubuhi moja, tukiwa kwenye kikao na Profesa, aliingia na jalada moja mkononi.

"Bwana Magista Ornig," aliniambia, akinitaja kwa cheo cha shahada yangu kama ilivyo desturi yetu, "hawa waliobahatisha ni thelathini na mmoja. Kumi na wanne wametoka shule moja. Bahati gani hii inayochagua shule?"

Nilisema huenda walitazamiana.

"Kwenye la saba wamekosa kila mmoja kwa namna yake. Kwenye la kumi na mbili wamepata wote. Mtu anayetazamia hatazamii swali moja tu."

Nilikuwa na umri wa miaka ishirini na tisa, nimebakiza siku kumi na mbili za kutuma ripoti, na Profesa alikuwa ananiangalia. Nikasema jambo ambalo wenzangu waliokuwepo bado wanalikumbuka, na ndiyo maana naliandika mwenyewe kabla hawajaliandika wao. Nilisema, "Bi Zechner, wewe chora. Kufikiri tuachie sisi."

Irmtraud aliweka jalada mezani, akalinyoosha likae sawa na ukingo wa meza, akatoka. Profesa naye hakunikemea. Ramani ile alikuwa ameshaionyesha kwa wataalamu kule Brussels, na hakutaka kusikia kwamba ina kasoro. Tuliendelea na kikao.

Saa ya chakula nilimkuta Irmtraud kwenye ngazi akiwa amevaa koti.

"Nimeomba siku moja ya likizo, kesho Alhamisi," alisema. "Nakwenda kwenye hiyo shule. Basi linaondoka saa moja kasoro kumi asubuhi. Ramani ni yako, kwa hiyo ungekuja nawe."

"Na nikikuta wamebahatisha?"

"Utakuwa umepata hewa safi."

Sijui hasa kwa nini nilikwenda. Nadhani nilitaka kumwonyesha kwamba amekosea. Alhamisi hiyo theluji ilifika magotini, na basi lilipanda vilima vya upande wa Feldbach kwa mwendo wa mtu mwenye miguu mibaya. Irmtraud alikuwa amebeba ramani ndani ya bomba lake la karatasi, begani. Njiani hakunitajia hata neno moja la kikao kile. Alinisimulia habari za mbegu za maboga, na jinsi mvua ya Septemba ilivyoziharibu shambani kwa baba mkwe wake.

Shule ilikuwa na madarasa manne na mwalimu mkuu mmoja, Mwalimu Hödl, mama wa makamo aliyetupokea akiwa na sweta lililojaa chaki. Tulimweleza shida yetu. Hakushangaa sana. Alituingiza darasa la nne, akamwita msichana mwembamba wa kiti cha nyuma, Ricarda Trummer, mmoja wa wale kumi na wanne.

"Ricarda, waonyeshe hawa wageni kutoka Graz lile la madonge."

Mtoto alikwenda ubaoni. Hakuandika tendo lolote la kugawanya. Aliandika 4, chini yake 8, chini yake 2.

"Watu wanne mara mbili ni wanane, kwa hiyo mia tatu inakuwa mia sita," alisema. "Wamebaki wawili. Wawili ni nusu ya wanne, kwa hiyo mia na hamsini. Mia saba na hamsini."

"Na ile ya kugawanya elfu moja mia tisa arobaini na nne?" nikamuuliza.

"Hiyo hatujasoma."

"Lakini uliwezaje hili kama lile hujasoma?"

Akanitazama jinsi watoto wanavyomtazama mtu mzima aliyepotea njia karibu na nyumbani kwake. "Kwani linahitajika?" akauliza.

Darasa lilicheka. Irmtraud hakucheka. Alikuwa ameshatoa bomba begani, ameitandaza ramani juu ya meza ya mwalimu, na ameshika kalamu ya risasi.

Mwalimu Hödl alitueleza kwamba njia ndefu ya kugawanya huifundisha mwishoni kabisa, baada ya likizo ya Februari. Kabla ya hapo huwaacha watoto mwaka mzima wazidishe mara mbili na kukata nusu mpaka wachoke. Alifundishwa hivyo na mwalimu wake. Nilimuuliza anatumia kitabu gani, akanitajia kimoja ambacho sikuwahi kukisikia. Hapo ndipo nilipoelewa. Wale walimu wangu sita wote walikuwa wa mjini, na wote walitumia kitabu kimoja, chenye sura ya kugawanya kabla ya sura ya uwiano. Nilidhani nimewahoji walimu sita. Nilikuwa nimekihoji kitabu kimoja mara sita.

Kwenye basi la kurudi nilikaa karibu naye. Nilimwambia kwamba maneno ya kwenye kikao yalikuwa ya kijinga, na kwamba naomba anisamehe.

"Nimesikia," alisema. "Yaliniuma, Magista. Nisingependa udhani hayakuniuma." Kisha akanipa lile bomba. "Shika hili, bega limechoka. Na ufikirie tutamwambia nini Profesa, maana ufutaji peke yake hautoshi."

Alikuwa sahihi, na hapa ndipo penye ustadi wake. Mimi nilitaka tufute mstari tu. Lakini tukiufuta, ramani ingesema kwamba swali la kumi na mbili halihitaji chochote, jambo ambalo nalo si kweli. Mtoto wa mjini hulifikia kwa kugawanya. Ricarda alilifikia kwa kuzidisha mara mbili na kukata nusu, yaani swali la tatu na la tano. Wote wawili walihitaji kitu, ila si kitu kilekile. Irmtraud alichora mistari miwili inayofika swali la kumi na mbili kutoka pande mbili, na kati yake akapinda kijitao kidogo cha wino mwekundu. Kijitao hicho maana yake: ama hii, ama hii. Wataalamu walikuwa wameshalijadili jambo hilo kwa alama na herufi zao, na Profesa alilijua vizuri kuliko mtu yeyote hapa nchini. Ila hakuna aliyekuwa ameliona likisimama ubaoni na chaki mkononi.

Ijumaa asubuhi tulimpelekea Profesa ramani hiyo. Alivua miwani, akaivaa tena.

"Bi Zechner, unajua nimeshaisambaza ile ya mwanzo?"

"Najua, Bwana Profesa."

"Na ripoti zinatoka baada ya siku kumi."

"Watoto nao wanachaguliwa shule baada ya siku kumi."

Profesa aliuliza kama kuna mistari mingine ya namna ile. Nilijibu kwamba sijui, kwa sababu sikuwahi kuuliza. Aliinamia ramani kwa muda mrefu, halafu akainua simu na kuwaambia watu wa ofisi ya elimu kwamba kuna kosa, kosa ni letu, na anahitaji wiki moja zaidi. Nilisikia sauti ya upande wa pili ikipanda. Yeye alirudia maneno yaleyale, polepole, mpaka ikashuka. Huo ulikuwa uungwana wa Strempfl, na nafurahi kuuandika mahali ambapo wajukuu zake wanaweza kuusoma.

Kwa siku kumi na saba zilizofuata tulipiga simu shule zote zilizokuwa na watoto "waliobahatisha". Tulikuta mistari mingine miwili ya uongo, mmoja wa hesabu za sehemu, mmoja wa kusoma saa. Irmtraud alichora upya, mimi nikaandika upya, na Profesa, ambaye hakuwahi kupiga chapa barua yake mwenyewe, alibandika anwani kwenye bahasha. Ripoti ishirini na saba kati ya zile thelathini na moja zilibadilika. Nne hazikubadilika, kwa sababu kuna watoto ambao kweli walikuwa wamebahatisha.

Mwezi wa Oktoba Mwalimu Hödl alituandikia kwamba kati ya watoto wake kumi na wanne, tisa walikuwa wamekwenda shule ya miaka minane, Ricarda akiwemo. Watano hawakwenda. Wawili kati yao hawakutaka, na mmoja baba yake hakutaka. Irmtraud aliisoma barua mara mbili na kusema, "Huyo wa baba, angalau karatasi yetu haikumsaidia baba."

Tangu mwaka huo kitengo hiki kina sheria isiyoandikwa popote: hakuna mstari unaowekwa mpaka mtu mmoja amekwenda kumtafuta mtoto anayeuvunja. Sheria hiyo imetupeleka kwenye shule za milimani, kwenye vyuo vya uuguzi, na mara moja kwenye shule ya wahunzi, ambako Irmtraud alirudi na nyundo aliyopewa zawadi. Ramani alizochora au kuzisimamia ni mia moja na sitini na tatu. Vitabu vya wenzetu wa ng'ambo vimechapisha kadhaa kati yake. Jina lake limo katika viwili, na katika kimoja limekosewa herufi.

Watafiti wapya wote wamepita mikononi mwake. Siku ya kwanza hawapewi kompyuta. Wanapewa karatasi na kuambiwa wachore masharti ya kutengeneza madonge: nini lazima kitangulie nini. Kila mmoja huchora kwamba maji lazima yachemshwe kabla ya unga kukandwa. Naye huja nyuma yao na kifutio. "Hayo ni mazoea ya mama yako," huwaambia, "si sharti." Kuna daktari wa falsafa mmoja, simtaji, aliyerudia karatasi hiyo mara tano na mara ya tano akaleta madonge yenyewe. Alisamehewa.

Hatakuwa mtu wa kukaa bure. Yeye na mumewe Ottokar wana orodha ya vilele vya milima ambavyo bado hawajavipanda, na orodha hiyo ameipanga mwenyewe, kwa mistari. Binti yake anamtarajia Linz kila mwezi. Kwaya ya parokia imeshamchukua kabla hatujamwachia.

Wiki hizi za mwisho amekuwa akifanya kazi ambayo hakuna aliyemtuma. Shule za mjini zimepokea watoto wengi waliokimbia vita, ambao masomo yao yalikatika katikati, mara nyingine miaka miwili au mitatu. Wanapimwa kwa mitihani yetu na wanatoka wakionekana hawajui kitu. Irmtraud amekuwa akikaa nao, pamoja na mkalimani, na kuwauliza wanavyohesabu. Juzi alibandika ukutani ramani mpya ya hesabu. Ina madoa ya chai, na ina mistari kumi na tisa iliyochorwa kwa nukta nukta, kitu ambacho hatukuwahi kukiona katika ramani zake. Nilimuuliza nukta zina maana gani.

"Sijui bado," alisema. "Hizo ni zenu. Nendeni mkaulize."

Irmtraud, asante kwa kila mstari uliouchora, na asante zaidi kwa ile uliyoifuta. Asante kwa ile safari ya basi. Wenzako wote wa ghorofa ya tatu wanakuombea afya njema, magoti imara ya kupandia, na siku ndefu zisizo na kengele wala tarehe ya mwisho. Sisi Jumanne tarehe mosi Oktoba, saa mbili asubuhi, tutakuwa shuleni kuuliza kuhusu ule mstari wa kwanza wa nukta.

Gebhard Ornig
Kwa niaba ya kitengo